Ukitaka Kula kwa Fidla na Sauti Yako: Njia Aliyopita Amanda Shires

Mwongozo huu nawaandikia vijana wa Kiswahili walioko Marekani ambao shule imewapa fidla, na wazazi wao wanaojiuliza kama chombo hicho kinaweza kumweka mtu mjini. Shule nyingi za serikali huku zina orkestra, na mtoto anaweza kurudi nyumbani na fidla mgongoni kabla hata mzazi hajajua inaitwaje. Mimi nafundisha fidla hapa Nashville, Tennessee. Kabla ya kuhamia huku nilikuwa naipiga kwenye taarab Unguja. Wanafunzi wangu wengine wazazi wao wametoka Uvira, Bukavu, Mombasa, Tabora. Mama mmoja wa Uvira alinisimamisha mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, huyu mtoto hataki tena kusikia habari ya unesi. Hii fidla inalisha kweli?" Nikamjibu, "Inalisha, mama, lakini kwa masharti. Akibaki na fidla peke yake atakula kwa kibarua, na siku mkono ukiuma hali. Akitunga na nyimbo zake, hapo ana shamba."

Hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa. Fidla ni kibarua, wimbo ni shamba, na mwimbaji mpiga fidla anayedumu kwenye country na Americana ni yule asiyekiacha kimoja kwa ajili ya kingine. Nitamfuata mtu mmoja aliyepita njia hiyo wazi wazi, Amanda Shires wa Texas, na pale ambapo wengine wana somo zuri zaidi nitawataja.

Country haina haja ya kutambulishwa. Kenya na Tanzania kuna nyumba nyingi ambazo Jim Reeves na Dolly Parton wamesikika Jumapili kwa miaka na miaka. Americana ni jamaa yake wa karibu: nyimbo zenye mizizi ya country, blues, folk na injili, zinazotungwa bila kusubiri redio kubwa ziseme zinataka nini. Chama chake, Americana Music Association, kilianzishwa 1999, kina tamasha na tuzo zake hapa Nashville kila Septemba, na tangu 2010 Grammy wanatoa tuzo ya albamu bora ya Americana. Kwa mpiga fidla huu ndio uwanja wenye nafasi, kwa sababu wasikilizaji wake wanakaa kimya wakasikiliza maneno, na bendi zake bado zinahitaji mbao na nyuzi.

Chombo chenyewe

Shires alizaliwa 1982, akakulia Mineral Wells na Lubbock. Fidla yake ya kwanza aliiona akiwa mtoto kwenye duka la rehani pale Mineral Wells, akamng'ang'ania baba yake mpaka ikanunuliwa. Nalitaja hilo kwa sababu wazazi wengi huniambia hawana pesa ya fidla nzuri. Duka la rehani linatosha kuanzia, ilimradi ujue unaangalia nini.

Chungulia ndani kupitia tundu lenye umbo la herufi f. Utaona kijiti kimesimama wima kati ya ubao wa juu na wa chini. Kama kimeanguka na kinagongagonga ukitikisa, usikaze nyuzi hata kidogo, maana ubao wa juu utabonyea. Ila fundi wa fidla anakisimamisha kwa muda mfupi, na mara nyingi muuzaji hajui hilo, kwa hiyo bei inapungua. Pitisha kidole ubavuni ukitafuta ufa. Zungusha vigingi vya kukazia nyuzi uone kama vinashika. Halafu angalia daraja, kile kibao kilichobeba nyuzi katikati: kama nyuzi zimeinuka juu sana, mtoto atabonyeza mpaka vidole viume na ataichukia fidla kabla ya kuipenda. Pesa uliyookoa kwenye bei mpe fundi airekebishe. Mwambie ni ya muziki wa country, naye anaweza kulilainisha daraja lisiwe na mgongo mkubwa, ili nyuzi mbili zipigwe kwa pamoja kwa urahisi.

Mwalimu aliyewahi kuchezesha watu

Shires alifundishwa na Frankie McWhorter, mchunga ng'ombe wa Texas aliyewahi kupiga katika bendi ya Bob Wills. Wills, aliyezaliwa 1905 na kufariki 1975, ndiye jina kubwa la western swing, ule muziki wa dansi uliochanganya fidla za mashambani na jazz na blues. Akiwa na miaka 15 Shires tayari alikuwa anapiga na Texas Playboys, bendi iliyobeba jina na nyimbo za Wills. Tazama mlolongo wake: mwalimu alitoka kwenye bendi, mwanafunzi akaingia kwenye bendi. Kazi ya kwanza ya mpiga fidla mara nyingi huja kwa mkono wa aliyemfundisha.

Kwa hiyo mwalimu wa shule msikilize, soma noti, usidharau. Lakini tafuta na wa pili, mtu aliyezoea kupiga huku watu wanacheza, na ujifunze kwake kwa sikio. Kwenye jukwaa la country hakuna atakayekuwekea karatasi ya noti mbele yako. Utaambiwa ufunguo, yaani noti ambayo wimbo unaiegemea, utahesabiwa moja mbili tatu, na wimbo umeshaondoka.

Kuna jambo moja nawaambia watoto wetu mapema, kwa sababu wataambiwa kinyume chake: fidla ya Marekani si mali ya watu weupe peke yao. Wakati wa utumwa, wapigaji wengi wa fidla kwenye dansi za Kusini walikuwa Waafrika na watoto wa Waafrika. Arnold Shultz wa Kentucky, mtu mweusi aliyepiga fidla na gitaa, alimwajiri Bill Monroe akiwa kijana kwenye dansi zake, na Monroe ndiye aliyekuja kuitwa baba wa bluegrass, ule muziki wa kasi wa banjo, fidla na mandolini. Kule Mebane, North Carolina, mzee Joe Thompson aliendelea kupiga fidla ya ukoo wake mpaka alipofariki 2012, na vijana watatu weusi walikuwa wanakwenda kuketi naye nyumbani kwake kujifunza. Mmoja wao ni Rhiannon Giddens, anayeimba, anayepiga fidla na banjo, na ambaye 2017 alipewa tuzo ya MacArthur. Mtoto wako akirudi nyumbani anasema ameulizwa kwa nini anapiga muziki wa wazungu, mpe majina hayo.

Mkono wa kulia ndio unaolipwa

Orkestra inafundisha sana mkono wa kushoto, vidole na usafi wa sauti. Bendi ya dansi inakulipa kwa mkono wa kulia, ule wa upinde. Hapa niwe wa taratibu kidogo, maana ndipo wanafunzi wangu wengi wanapokwama.

Anza na nyuzi mbili zilizo wazi, D na A, zipige kwa pamoja. Shika katikati ya upinde, si kwenye ncha. Hesabu: moja, mbili-na, tatu, nne-na. Kwenye "moja" vuta upinde kwenda chini kwa pigo zima. Kwenye "mbili-na" piga viwili vifupi, juu kisha chini. Kwenye "tatu" sukuma upinde juu kwa pigo zima, na kwenye "nne-na" viwili vifupi, chini kisha juu. Mrefu, mfupi mfupi. Mrefu, mfupi mfupi. Sasa ongeza uzito kidogo wa kidole cha shahada kwenye "mbili" na "nne". Ukifanya hivyo tu, mtu aliyekaa ataanza kutikisa mguu, kwa sababu umempa pale pale ambapo mpiga ngoma angepiga. Mwendo huo huku wanauita Nashville shuffle, na nyimbo nyingi za dansi zinaendeshwa na huo au binamu zake.

Upige polepole, pigo 60 kwa dakika, mpaka uweze kuongea na mtu huku mkono unaendelea bila kuyumba. Kuongea nakusudia hasa. Mtu anayetaka kuimba na kupiga lazima mkono wake ujue kazi bila kuomba ruhusa kichwani. Ukishafika hapo panda kidogo kidogo. Bega likipanda kuelekea sikio, simama, lishushe, anza tena. Bega lililokazwa ndilo linalokatisha kazi za wapigaji wengi.

Kuna na ule mdundo wa kukata: upinde unaangushwa karibu na mkono, nyuzi zinatoa "chk" kavu badala ya noti. Ulianza kutumika kwenye bluegrass miaka ya 1960 kwa mkono wa Richard Greene. Ujifunze, kwa sababu usiku ambao bendi haina ngoma wewe ndiye utakayekuwa ngoma.

Kusimama pembeni ya mwimbaji

Miaka mingi ya Shires imekuwa ya kusimama pembeni: Texas Playboys, kisha Thrift Store Cowboys kule Texas, kisha na mtunzi Billy Joe Shaver, na baadaye katika The 400 Unit, bendi ya mwimbaji Jason Isbell, ambayo albamu yake ya 2017 ilishinda Grammy ya Americana. Hiki ndicho kibarua, na kina heshima yake. Mpiga fidla wa pembeni ana kazi tatu: kufungua wimbo, kujibu kati ya mistari, na kuchukua zamu yake katikati. Ya pili ndiyo ngumu na ndiyo inayokufanya uitwe tena.

Waliokulia kwenye taarab watanielewa upesi. Mwimbaji akimaliza mstari, fidla zinajibu, na hakuna anayethubutu kumwingilia bibi akiwa bado ana neno mdomoni. Country ina adabu ile ile. Mwimbaji anashikilia neno la mwisho la mstari, wewe unasubiri. Neno likishatua, ingia na noti tatu au nne, kisha utoke kabla hajavuta pumzi ya mstari unaofuata. Ukisikia pumzi yake kwenye maiki nawe bado unapiga, umechelewa kutoka. Na kama kuna gitaa la chuma (steel guitar) pale jukwaani, mgawane: ubeti wa kwanza wako, wa pili wake. Viwili vikijibu kwa pamoja maneno yanapotea, na watu wamekuja kwa ajili ya maneno.

Jifunze pia kusoma chati za namba. Hapa Nashville wanamuziki wa studio hawaandiki G, C, D. Wanaandika 1, 4, 5. Utaratibu huo ulianzia kwa Neal Matthews Jr. wa kundi la Jordanaires mwishoni mwa miaka ya 1950, na unaokoa muda ajabu. Ukiwa kwenye G, 1 ni G, 4 ni C na 5 ni D. Mwimbaji akiamka na mafua akasema leo tushuke mpaka F, karatasi haibadiliki: 1 sasa ni F, 4 ni B bapa, 5 ni C. Kiongozi akiinua vidole vinne katikati ya wimbo, anakuambia nenda kwenye 4. Mtoto wa orkestra anayejua D, G na A tu atapata tabu hapo, kwa sababu waimbaji wengi wa kike huimba kwenye B bapa, B na C. Kila wimbo unaojua, upige kwenye funguo zote hizo mpaka vidole visishtuke.

Mdomo na kidevu

Ukiiweka fidla chini ya kidevu kama ulivyofundishwa, taya limefungwa, na taya lililofungwa haliimbi. Hakuna ujanja wa kulizunguka hilo. Unachagua moja ya njia chache.

Njia ya Alison Krauss ndiyo ninayoanza nayo kwa kila mwanafunzi. Krauss alianza violin ya kiklasiki akiwa na miaka 5 huko Illinois, akatoa albamu yake ya kwanza chini ya Rounder Records 1987 akiwa na miaka 16, akawa mwanachama wa Grand Ole Opry, jukwaa na kipindi cha redio maarufu cha country hapa Nashville, 1993, na ana Grammy 27. Mtazame akiimba: mara nyingi fidla imeshushwa mkononi, anaimba ubeti mzima, kisha anaipandisha panapohitajika. Hapigi na kuimba kwa wakati mmoja ili kuonyesha kwamba anaweza. Njia ya pili ni kuishusha fidla kifuani kama wazee wa milimani walivyofanya. Sauti yake inakuwa nyembamba kidogo lakini mdomo uko huru, na ukiimba juu ya nyuzi mbili zinazonguruma chini yake ni kitu kizuri sana. Njia ya tatu ni kuwa na chombo kingine cha kuimbia. Shires hupiga pia ukulele na gitaa la nyuzi nne, kwa hiyo si lazima kila wimbo wake usubiri upinde.

Zoezi ninalowapa ni hili. Chagua wimbo wa polepole wenye mistari minne. Imba mstari wa kwanza fidla ikiwa chini. Ipandishe, jibu kwa noti tatu, ishushe, imba wa pili. Siri iko kwenye noti ya mwisho ya jibu lako: iwe ile ile utakayoanza nayo kuimba mstari unaofuata. Fidla inakukabidhi noti, sauti inaipokea. Ukizoea hivyo hutapotea ufunguo hata kama huko jukwaani hujisikii vizuri. Na pumzi uivute wakati upinde unatembea, si baada ya kusimama, la sivyo kila mstari utaanza umechelewa na watu watakuona unahema.

Kuhusu spika, usitegemee maiki moja kwa vyote viwili. Tia kinasa sauti kidogo cha waya (pickup) kwenye daraja la fidla, kipitie kwenye kisanduku cha kurekebisha sauti kabla ya kufika kwa fundi mitambo, na upunguze ule ukali wa juu unaofanya fidla isikike kama mbu. Ukishakuwa na waya huo unaweza kuongeza pedali za mguu za kubadilisha sauti, na Shires ni mmoja wa walioichukua fidla ya country wakaipitisha huko bila aibu. Ila pedali zije baada ya upinde kukaa sawa.

Shamba

Billy Joe Shaver, mtunzi mkubwa wa Texas aliyefariki 2020, ndiye aliyemwambia Shires aende Nashville akawe mtunzi. Fikiria: mtu aliyemwajiri kama mpiga fidla anamwambia aache kumpigia yeye. Alihamia 2004, akawa anahudumia meza mgahawani huku akijenga jina. Albamu yake ya kwanza ya peke yake ilitoka 2005. Tuzo ya Americana ya msanii anayechipukia aliipata 2017. Ni miaka 12 ya kuchipukia, na katikati yake kuna albamu kadhaa ambazo wengi walikuja kuzitafuta baadaye. Mwaka huo huo wa tuzo alimaliza shahada ya uzamili ya ushairi huko Sewanee, chuo kikuu kilichoko katika jimbo la Tennessee. Mtu mwenye bendi, albamu na mtoto mdogo alikwenda darasani kujifunza kwa nini neno hili linafaa na lile halifai. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko tuzo zenyewe.

Sisi tuliolelewa na vina na mizani tunajua kuhesabu silabi kabla ya kujua kuhesabu pesa, na hilo linasaidia. Lakini ukitunga kwa Kiingereza kuna kitu cha ziada: neno lao lina sehemu nzito na sehemu nyepesi, na sehemu nzito inataka ikae kwenye pigo zito. Soma mstari wako kwa sauti ya kawaida, kama unaongea na mtu dukani, huku unapiga meza kwa mkono. Ukilazimika kulivuta neno ili liingie kwenye pigo, badilisha neno, usibadilishe meza. Halafu taja vitu. Country haina subira na huzuni isiyo na anwani. Inataka kujua ni gari gani, barabara gani, na kikombe kimeachwa wapi. Mwanafunzi wangu mmoja alileta wimbo wa upweke uliojaa mawingu na mioyo. Nikamuuliza nyumbani kwao nani hula wa mwisho. Akasema baba, akirudi kutoka zamu ya usiku kwenye ghala, anapasha ugali saa kumi na moja alfajiri huku wengine wamelala. Wimbo ulikuwa pale pale.

Na kila wimbo wako uupe kipande kimoja cha fidla ambacho ni sehemu ya wimbo wenyewe, kinachoimbika bila maneno. Siku mtu mwingine akiurekodi atalazimika kukipiga.

Usisubiri mpaka uache kibarua ndipo ulime. Shires alipiga kwenye bendi ya wengine na kutoa albamu zake ndani ya miaka ile ile. Akiwa njiani na bendi alikuwa anasikiliza stesheni za country, akashangaa wanawake walivyo wachache kwenye hewa, na kutoka hapo likaja wazo la kundi la wanawake: The Highwomen, yeye na Brandi Carlile, Maren Morris na Natalie Hemby, walioanza jukwaani 2019 kwenye sherehe ya kuzaliwa ya Loretta Lynn hapa Nashville, na albamu yao ikashika namba moja kwenye orodha ya country ya Billboard. Wazo hilo lilitoka kwa mtu aliyekuwa kazini, kwenye safari za bendi. Baada ya hapo ametoa albamu ya 2022, ya 2023 aliyorekodi na mpiga piano Bobbie Nelson kabla mama huyo hajafariki, na ya 2025. Kila moja ina sauti tofauti, na zote zina fidla.

Mji wenyewe, kwa kifupi

Si lazima uhamie Nashville, Austin nayo inalisha wapiga fidla wengi, lakini ukija hapa jua ramani. Mtaa wa Broadway wa chini una baa zenye bendi tangu asubuhi mpaka usiku wa manane, kila zamu masaa manne, malipo madogo ya msingi na ndoo ya bakshishi inayozungushwa. Ni shule ya nyimbo nyingi kwa haraka, na usikae humo mpaka sauti ikauke. Station Inn, iliyofunguliwa 1974, ndiyo nyumba ya bluegrass. Jumapili usiku watu huketi mduara na kila mwenye chombo anapata zamu. Bluebird Cafe, iliyofunguliwa 1982, ni chumba kidogo cha watunzi, na Jumatatu watunzi wapya hupanda kujaribu wimbo wao. Nenda Station Inn na fidla, nenda Bluebird na wimbo.

Kwa ndugu zetu wenye viza ya masomo: bakshishi ya jukwaani nayo ni kazi. Uliza mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kupanda, si baada.

Pesa inavyoingia

Wazazi, hapa msome pamoja na mtoto.

Ukipiga fidla kwenye rekodi ya mtu mwingine unalipwa mara moja na unakwenda nyumbani. Uliza kama kikao kina mkataba wa chama cha wanamuziki, ambacho tawi lake la hapa ni Local 257, kwa sababu mkataba huo una viwango vya malipo na mchango wa pensheni. Kuna pia fungu dogo linaloendelea: pesa za redio za intaneti na za setilaiti zinazokusanywa na SoundExchange hugawanywa 50% kwa mwenye rekodi, 45% kwa msanii mwenye jina, na 5% kwa wapigaji na waitikiaji wa pembeni. Linganisha 5% ya kugawana watu wengi na 45% ya mwenye jina, utaona kwa nini nasisitiza shamba.

Mtunzi ana mlango mwingine kabisa. Wimbo ukipigwa redioni au jukwaani, chama cha haki za utunzi kama ASCAP au BMI kinamkusanyia; jiunge na kimoja tu. Ukisikilizwa kwenye mitandao ya muziki ndani ya Marekani, fungu la kunakili linapitia The MLC, shirika linalolikusanya, na usipojiandikisha huko halikujii lenyewe. Ukiuzwa kwenye CD au sahani, sheria imeweka kiwango kwa kila wimbo: kilikuwa senti 9.1 kwa miaka mingi, mwaka 2023 kikapanda mpaka senti 12. Kwa kiwango hicho cha 2023, albamu ya nyimbo 10 ulizotunga peke yako ilikuwa dola 1.20 kwa kila nakala, hata kama aliyeimba ni mwingine.

Mkitunga watu wawili au watatu, andikeni asilimia za kila mmoja kwenye karatasi kabla ya kutoka chumbani, mtie sahihi, kila mtu aipige picha. Kama kile kipande chako cha fidla ndicho kilichogeuka kuwa wimbo, sema hapo hapo, kwa upole, wakati chai bado ina moto. Wiki ikipita kila mtu anakumbuka alivyopenda kukumbuka.

La mwisho ni la watu wetu hasa. Majina yetu huku yanaandikwa kila ofisi inavyosikia: kwenye karatasi za uhamiaji jina la baba limekuwa la ukoo, shuleni limekatwa, kwenye benki limeongezwa herufi. Mifumo hii yote inalinganisha majina kwa mashine, na pesa ya wimbo ulioandikishwa kwa herufi tofauti inakaa inamsubiri mtu asiyekuwepo. Chagua tahajia moja, iwe ile ya benki, na uitumie kwenye SoundExchange, kwenye The MLC, kwenye chama cha utunzi, na nyuma ya kila CD.